Shikamoo ya Kitandani

Nakumbuka siku moja baada ya mavuno ya ulezi, nyumbani kwetu Msanzi, niliporudi kutoka hospitali nikiwa kijana kama wewe. Mkokoteni wa ng'ombe ulikuwa umenivunja mgongo, miguu ikafa, na kulala chali muda mrefu kukanitoboa kidonda takoni. Madaktari walihamisha nyama ya paja wakaziba shimo. Nikadhani yamekwisha.

Wageni wakaanza kuja kunipa pole, wengine wakipanda kutoka Wampembe na migebuka, samaki wa ziwani, mikavu. Unajua kwetu, mwanangu: mkubwa haamkiwi na mtu aliyejinyoosha kitandani, na kawaida ni kama sheria. Basi kila siku nilikalia kiti cha magurudumu tangu asubuhi hadi jua kuzama, napokea wakubwa, navuta sigara walizoniletea. Kwa kuwa sikuhisi maumivu, niliona niko salama.

Ndipo siku moja akaja bibi, mama yake baba. Nikamwamkia, hakuitika. Alisimama akinusa, kisha akasema, "Mlazeni kifudifudi." Wakanilaza, akafunua shuka mbele ya wageni wote. Mshono ulikuwa umeachia na nguo imelowa.

"Shikamoo, bibi," nikarudia kwa aibu, uso kwenye mto.

"Marahaba. Ya kitandani naipokea, mjukuu wangu. Ya jenezani nitaipokeaje?"

Nikarudi kupasuliwa. Daktari akaniambia nyama ya kuhamisha imekwisha, kidonda kikirudi tena hana la kufanya. Tangu hapo nimezeeka nikijigeuza, mwanangu, na nimechoka, sikufichi. Kuna asubuhi sitaki hata kuinyanyua mikono hii. Nainyanyua hivyo hivyo.

Nawe umetoka hospitali jana, na nasikia unataka kuketi na wageni kutwa nzima hapa Katandala. Kidonda kilichozibwa hakisahau njia. Ukiwa kitini jinyanyue mara kwa mara, ukichoka lala kifudifudi. Usikae na unyevu, kula maharage na samaki ushibe, sigara achana nazo. Mama yako akukague kila siku, usimwonee haya. Mficha uchi hazai. Na roho ikikulemea, sema, maana aliyekata tamaa hajigeuzi.

Wageni waje wakukute umelala. Atakayenuna, mwambie aje aninunie mimi. Mungu aishike nyama hiyo uliyoshonewa, ikufikishe uzeeni, nawe uje uchoke kama nilivyochoka mimi.