Bodi ya Watu Wasiokuja

Siku Vitalia Kapinga alipokataa kubeba daftari, Mwenyekiti alidhani anaumwa.

Daftari lenyewe lilikuwa la mahudhurio ya bodi. Kwa miaka miwili mikutano ya shirika la Mapokezi ilikuwa ikifanyika Mbinga mjini, sebuleni kwa Mwenyekiti, mzee Wendelin, mtumishi mstaafu aliyezoea kusikilizwa. Wajumbe walikuwa saba, lakini waliofika hawakuzidi wanne, na katiba ilitaka watano. Kwa hiyo baada ya kila mkutano Vitalia, ambaye ndiye katibu, alipewa daftari azunguke nalo kutafuta saini za watu ambao hawakuwepo. Alisainisha watu shambani na sokoni, na mmoja alimsainisha kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Walisaini bila kinyongo, wakauliza mkutano ulikwendaje, kisha wakamkaribisha chakula.

Safari hii azimio lilikuwa zito. Nyumba ya Mapokezi iko Lundo, hatua chache kutoka kituo cha afya, na ndimo wajawazito wa vijiji vya mbali hukaa wiki zao za mwisho wakisubiri kujifungua. Mwenyekiti alitaka ikodishwe kwa mtu wa nyumba ya wageni. Shemeji yake Rodrick, mweka hazina, aliunga mkono. Anjelina, muuza usipa, wale dagaa wa ziwani, huko Lundo, alipinga. Vitalia alikuwa akiandika, na hakuna aliyemuuliza. Wajawazito watahamishiwa wapi, hilo nalo halikuulizwa, na wiki hiyo mle ndani walikuwamo sita.

Mwenyekiti alipomsogezea daftari, Vitalia aliliacha mezani.

"Sizunguki nalo, Mzee. Hawakuwepo, na hawajui wanachokikubali."

"Wewe ni katibu. Kazi yako ni kuandika."

"Basi nitaandika kwamba tulikuwa wanne."

Wendelin hakufoka. Alisema tu kwamba Jumatatu Rodrick atalizungusha mwenyewe, kwa pikipiki, na jioni yake mkataba utasainiwa. Hiyo ilikuwa Ijumaa.

Vitalia alizaliwa Mbuji, katika mashamba ya ngolo, yale mashimo ya Wamatengo yanayofanya mlima uonekane kama sega la nyuki. Akaolewa Lundo, akajifunza Kinyasa cha kutosha kugombea bei ya samaki, akafiwa na mume, akabaki na cherehani yake barazani. Uandishi wa mihtasari aliupatia kwenye kwaya ya parokia. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kando ya barabara, mvua ikinyesha, na hakuishi hadi asubuhi. Hakupenda kulisimulia hilo. Nyumba ya Mapokezi ilipojengwa alishona mapazia yake yote, na alipochaguliwa katibu alidhani kwamba katibu mwema ni yule anayehakikisha saini zimetimia. Sasa akiwa njiani kurudi Lundo alijiona mjinga. Kila ukurasa wa uongo katika lile daftari ulikuwa na vumbi la viatu vyake.

Usiku ule aliisoma katiba ya shirika kuanzia jalada hadi mwisho. Ilisema kwamba mjumbe anayeacha nafasi ataandika barua kwa katibu, na tangu siku ya barua hiyo si mjumbe tena. Akaisoma mara mbili. Mtu ambaye si mjumbe hana saini ya kumpa Rodrick.

Wa kwanza alikuwa rahisi. Mwalimu Devotha, mzaliwa wa Singida, alikuwa amehamishwa kurudi kwao mwaka mmoja nyuma. Alipopigiwa simu alishangaa kusikia kwamba bado ni mjumbe. Baada ya nusu saa barua yake iliingia kwenye simu ya Vitalia, imeandikwa kwa mwandiko wa ubaoni, na chini ameongeza salamu kwa akina mama wote.

Jumamosi alipanda Mbuji kwa katekista Egidi. Ulikuwa msimu wa kuvuna kahawa, na mzee alikuwa amesimama kwenye mashine ya kumenyea, mikono myekundu. Vitalia alimwamkia shikamoo, akavua kandambili, akaanza kumsaidia. Walimenya debe zima kabla hajataja bodi.

Egidi alisikiliza, kisha akasema magoti yake hayataki tena safari za mjini. Kuhusu barua, alitikisa kichwa.

"Mtu haandiki barua ya kuwaacha watu asiogombana nao, mwanangu. Ukinyamaza, wanaelewa."

"Hawaelewi, baba. Wanakusainisha."

"Nami nasaini kwa heshima yako wewe."

"Ndiyo maana nimekuja kukuomba uniheshimu kwa namna nyingine. Jumatatu Rodrick atakuja. Ama uje kwenye mikutano ubishane naye, ama uniandikie."

Mzee aliosha mikono polepole, akaomba kalamu. Aliandika mistari minne, akauliza kama inaruhusiwa kuweka neno la baraka. Vitalia akasema katiba haikatazi.

Aliyebaki alikuwa Lituhi, na huko ndiko kulikokuwa na aibu yake kubwa. Mjumbe wa Lituhi, mzee Nicholaus, alifariki mwaka juzi. Matanga yalipomalizika ukoo ulimpa mwanawe Kilian jina la baba, na shughuli zote za baba. Vitalia alipofika na daftari, Kilian alisaini "Nicholaus", na hakuna aliyeona ajabu yoyote, katibu mwenyewe akiwamo.

Jumapili baada ya misa alimkuta ufukweni, amefungua injini ya boti, vipande vimetandazwa juu ya gunia.

"Nasikia unakusanya watu wa kuacha kazi," Kilian alisema. "Mimi siachi. Nilipewa jina, ng'ombe na bodi."

"Ng'ombe ni wako, kaka. Bodi hairithiwi."

"Mwenyekiti alisema ni yangu."

"Nami nikakuletea daftari usaini. Tulikosea wote."

Kilian alifuta spana kwa kitambaa, tena na tena. Akasema, bila kumtazama, kwamba akikubali itakuwa kama amemfukuza mzee wake.

"Hafukuzwi," Vitalia alisema. "Kaburini tulimweka, nikamwimbia mwenyewe. Kwenye daftari bado hatujamzika. Kila nikija hapa namfufua ili akubali mambo ambayo hakuyasikia."

Hapakuwa na barua ya kuandika, maana aliyekufa hajiuzulu. Lakini Jumatatu, Rodrick alipofika Lituhi na pikipiki yake, Kilian alimwambia kwamba mwenye jina hilo amefariki, na kama anataka saini alipeleke daftari makaburini akamwombe mwenyewe. Egidi alikuwa ameshamnywesha Rodrick togwa na kumrudisha mikono mitupu.

Jumatano waliitwa wote mjini. Vitalia aliziweka barua mbili mezani, akatangaza nafasi tatu ziko wazi. Wendelin alizisoma, halafu akacheka kicheko cha mtu aliyeletewa zawadi.

"Umeiua bodi mwenyewe, mama. Tumebaki wanne. Akidi haipo, na haitapatikana tena. Palipo na bodi mfu, mwenyekiti anaamua."

Rodrick alitabasamu. Anjelina akamgeukia Vitalia, uso umemshuka.

"Ibara ya kumi na nne," Vitalia alisema, akaisoma kwa sauti ya kwaya. Wajumbe waliobaki pungufu ya akidi hawatakuwa na mamlaka ya kuamua jambo lolote, mwenyekiti akiwamo, isipokuwa moja: kuitisha mkutano mkuu wa wanachama ili kujaza nafasi zilizo wazi. Wajumbe wawili wakitaka, utaitishwa. Yeye alitaka. Anjelina akainua mkono kabla hajaulizwa.

"Mimi na Rodrick tukijiuzulu leo," Wendelin alisema, "mtabaki wawili, wanawake tupu na mapazia yenu."

Vitalia alichana karatasi mbili kutoka kwenye kijitabu chake, akazisogeza mbele yao, na kalamu juu yake.

"Barua inaletwa kwa katibu, Mzee. Nipo."

Rodrick alimtazama shemeji yake. Kalamu ilikaa pale mpaka chai ikapoa. Hakuna aliyeigusa.

Mkutano mkuu ulifanyika wiki tatu baadaye Lundo, uani kwa nyumba ya Mapokezi, kwa sababu ibara nyingine ilisema utafanyika makao makuu ya shirika na sebule haikutajwa. Walifika wanachama sabini na mmoja, wengine kwa boti kutoka Lituhi, wengine kwenye gari la mahindi kutoka Mbuji. Kilian aligombea, safari hii kwa jina lake la ubatizo, akapita kwa kura chache. Pamoja naye walichaguliwa muuguzi mstaafu na kijana wa kike mwalimu wa sekondari. Bodi ikaketi mchana uleule, watu saba kwa idadi na kwa miili. Pendekezo la kukodisha nyumba lilianguka kwa kura tano dhidi ya mbili.

Wendelin alimfuata Vitalia mlangoni, ambako Eunice, mjamzito kutoka milimani mwenye wiki mbili pale, alikuwa akimuuliza kama waanze kufunga mizigo.

"Muda wako unaisha mwakani, Mama Katibu," Mwenyekiti alisema. "Na mimi watu ninao."

"Walete," Vitalia alisema. "Waje wenyewe, wakae hapa uani, wanipigie kura ya kuniondoa, nami nitawaandika majina wote."

Kisha akamwambia Eunice arudishe ndoo yake chini ya kitanda.