Goli la Kriketi

Jana mteja aliingia dukani kwangu kutengenezewa simu, kwapani kabana gongo la kriketi lililotoka kupakwa mafuta. Harufu ile ikanirudisha uwanjani shuleni, kwa mwalimu wetu wa hesabu.

Siku za kazi alitufundisha desimali; Jumapili alikuwa nahodha wa timu ya kriketi ya mkoa mzima. Kila mwisho wa muhula alisimama na gongo lake, anayetaka amrushie mpira. Ukimtoa, unaingia timu ya shule moja kwa moja. Hakuna aliyewahi kumtoa.

Zamu yangu ikafika, mimi msichana wa Kikongo mwenye viatu vya kaka yake. Nilirusha kwa nguvu zangu zote. Mpira ukapita ubavuni mwa gongo, na mdakaji aliyechuchumaa nyuma yake akaudaka. Mwamuzi akatikisa kichwa: hakusikia mpira ukigusa gongo, na usipogusa, mtu hatoki.

Mwalimu akalitia gongo kwapani, akaanza kuondoka.

“Eish, mpira umegusa,” alisema. “Nimetoka. Karibu kwenye timu, binti.”

Hapo mama, aliyekuja mbio kutoka saluni, chanuo bado kichwani, akaivuka kamba ya mpaka wa uwanja.

“Goli! Mutoto yangu ametia goli!”

Wenzangu wakaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alimgeukia mama, akaliinua gongo juu kama siku za ushindi wa mkoa, akapaza sauti: “Goli!” Uwanja mzima ukaitikia.

Mpaka leo hakuna aliyethubutu kumwambia mama kwamba kriketi haina magoli.