Injini Isiyosahau

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nafundisha kompyuta katika chuo kidogo nje ya mji wa Kericho. Mimi ni mtu wa Boito, binti wa mkulima wa chai, na nyumbani waliamini nafundisha watu kupiga taipu.

Kompyuta zetu chache ziliunganishwa kwa waya na mashine moja kuu. Nilikuwa nimeandika programu ya chakula cha mchana: mwalimu anafungua ukurasa, anachagua chakula, na akipenda anamwandikia mpishi neno. Maombi yalichapishwa ofisini, mama mpishi akaja kuchukua karatasi.

Ilikwenda polepole ajabu. Kila ombi lilipofika, injini ya lugha ya programu niliyotumia iliamka upya, ikasoma vyakula vyote kutoka kwenye diski, ikajibu, kisha ikafa na kusahau kila kitu. Ombi lililofuata, kazi ile ile tangu mwanzo. Walimu walichoka, wakawa wanaenda jikoni kwa miguu.

Ndipo mwalimu wa umeme, kijana mpole kutoka Vihiga, akarudi kutoka Nairobi na diski mfukoni.

“Injini hii hailali,” aliniambia. “Inakaa ndani ya mashine kuu. Ukishaipa vyakula mara moja, inaviweka kwa kumbukumbu yake. Mwenye kuja nyuma anavikuta tu.”

Tuliiweka kwenye mashine kuu Jumamosi. Jumatatu kurasa zilifunguka kufumba na kufumbua, nami nikatembea kifua mbele.

Jumatano mama mpishi alinijia darasani na karatasi ya juu kabisa mkononi, nyingine hajazisoma.

“Mwalimu, toka nje kidogo.” Nikatoka. “Mkuu wa chuo ni shemasi. Ako na bibi, ako na wajukuu. Sasa hii ni nini?”

Kwenye ombi la mkuu paliandikwa: *Ugali na nyama. Mama, nitengee meza ya dirishani. Leo nataka kumwomba mwalimu wa kompyuta tule pamoja, na moyo unanidunda.*

Nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa mkuu.

“Mimi niliomba ugali na nyama,” mkuu alisema, akishangaa. “Pale pa mpishi sikuandika kitu.”

Hapo nikaelewa. Kwa kuwa aliacha pengo, injini ilimpa maneno ya mtu aliyemtangulia. Niliiambia ihifadhi vyakula. Ikahifadhi na siri za watu.

“Nani alinitangulia?” akauliza.

Mwalimu wa umeme alikuwa mle mle ofisini, juu ya ngazi, akibadilisha balbu. Hakushuka.

“Ni mimi, Mkuu,” alisema kutoka huko juu.

Mkuu alicheka hadi akavua miwani. “Shuka basi. Hiyo meza isikae bure.”

“Lakini bado hajaniomba,” nikasema.

Alishuka, akaniomba, bisibisi ingali mkononi. Nilimwambia angoje kwanza niongeze mstari mmoja kwenye programu, wa kufuta maneno ya zamani kabla ya kila ombi jipya. Alingoja mlangoni.

Kwenye meza ya dirishani mama mpishi alikuwa ametuwekea kibuyu cha mursik ambacho hakuna aliyekiagiza. Kijana wa watu hakuwahi kuonja maziwa yetu ya kuchacha yenye mkaa. Alikunywa macho yamefumbwa, akaomba tena.

Baba alipopata habari zetu, aliuliza jambo moja tu: anajua kuchuma chai? Hakujua. Alijifunza.