Kiporo kwa Mama Mkwe

Mjomba wangu huamka kwa awamu. Kwanza anageukia ubavu, halafu anashusha mguu mmoja, halafu anapumzika kama mtu aliyemaliza shughuli ya watu mia. Mguu wa pili unapogusa sakafu, mkazamjomba ameshachemsha chai na ameshaanza kulalamika inapoa. Kazi yake ni kuchomelea mageti na madirisha. Miaka thelathini na moja ameinama juu ya chuma, na mgongo umezoea kuinama hata pasipo na kazi. Ukimkuta amesimama wima, ujue ameegemea kitu.

Mtu wa namna hiyo ungetarajia starehe yake iwe ya kukaa: redio, bao, kusinzia kibarazani. Wapi. Starehe ya Mjomba ni kupandisha gari juu ya mawe.

Nje ya mji kuna machimbo ya kokoto yaliyoachwa. Mara moja kwa mwaka mafundi, madereva wa malori na wengine wasiosikia la wake zao hukutana pale na magari waliyoyaunda kwa mikono yao. Si mbio. Ni mchezo wa watu wenye haraka ya kwenda polepole. Gari linapewa dakika kumi kupanda mwinuko wa mawe, kila jiwe kama friji, likipita kati ya vijiti vilivyopakwa rangi nyekundu. Ukigusa kijiti, alama zinakatwa. Ukirudi nyuma, zinakatwa. Ukilivuta gari kwa winchi, ile mashine ya kukunja waya, zinakatwa nyingi, ila bado unahesabiwa umemaliza. Dereva haoni kilicho chini ya magurudumu yake, kwa hiyo kila gari lina mwelekezaji anayetangulia kwa miguu, akimwonyesha njia kwa mikono. Mwelekezaji wa Mjomba ni mimi. Wazazi walinisomesha stashahada ya mitambo, nikasoma mpaka katikati nikachoka, na sasa elimu yangu yote natumia kumwambia mtu mzima "kushoto kidogo".

Mwinuko wa mwisho unaitwa Mama Mkwe, kwa sababu unauendea kwa adabu, huukazii macho, na hata ukijitahidi vipi haukusifu. Na gari la Mjomba linaitwa Kiporo, maana limeungwa kwa mabaki: injini ya pikapu iliyogongwa, ekseli za lori la maziwa, kiti kilichong'olewa kwenye gari la wagonjwa. Sasa fikiria mwenyewe kelele za watazamaji.

"Fundi! Mama mkwe unampelekea kiporo?"

"Kipashe moto kwanza, mzee!"

Miaka mitano amempelekea, miaka mitano amerudishwa mlangoni. Anakwama, dakika zinaisha, filimbi inalia, anarudi nyumbani na kuongeza chuma mahali. Winchi anayo mbele ya gari, lakini haigusi. Anaiita kamba ya kuopolea ndoo kisimani.

Mwaka huu daktari alimpiga picha ya mgongo. Pingili mbili zimesagana. Mkazamjomba akaibandika ile picha kwenye kioo cha dirisha la jikoni, jua lipite, kila anayekuja kuomba chumvi aone mgongo wa mumewe ulivyo. Ikawa siku nane za kimya. Siku ya tisa Mjomba akaweka kikombe chini.

"Bibie, niache mwaka huu tu. Nipande nisipande, baada ya hapo sikai tena kwenye kile kiti."

"Apa."

"Naapa."

"Apa ukinitazama."

Akamtazama. Mimi nikatazama ukuta, maana kuna mambo mtoto wa watu hapaswi kuyaona. Basi ikawa hivyo: alibakiwa na nafasi moja ya kumpanda Mama Mkwe kwa magurudumu yake mwenyewe, kisha basi. Wiki zote zile hakuzungumzia kitu kingine. Hata usingizini, mkazamjomba alisema, mguu wake ulikuwa unakanyaga klachi.

Tatizo likawa nyuma ya gari. Kuna mkono wa chuma unaoizuia ekseli ya nyuma isihame mahali pake, na kishikio cha mkono ule upande wa kulia kilikuwa kimeanza kupata ufa. Ilibidi kikatwe, kichomelewe kipya, na hiyo ni kazi ya kulala chali chini ya gari mchana kutwa. Mjomba alijaribu kulala. Tulimtoa kwa kumburuta na kipande cha boksi kama kabati linalohamishwa. Akakaa kwenye ndoo, akapumua, akanitazama kwa macho ya mtu anayekabidhi mtoto wake kwa mlevi.

"Chukua miwani," akasema. "Choma wewe."

Katika miaka yote ile hakuna mkono wa mtu mwingine uliowahi kuchomelea Kiporo. Nilichoma polepole, nikaacha chuma kipoe chenyewe, sikukimwagia maji. Ile nusu ya stashahada niliyosoma, mada ya kuchomelea ndiyo pekee niliyohudhuria macho yakiwa wazi. Nilipotoka chini, Mjomba aliinama kwa shida, akachungulia kwa tochi.

"Si mbaya," akasema. Kwa Mjomba hiyo ni hotuba.

Jumamosi asubuhi, machimboni, nililala chini ya gari kukagua kwa mara ya mwisho. Kile kishikio kilikuwa kimenenepa. Kazi yangu haikuonekana tena. Juu yake kulikuwa na chomeleo jingine, na juu ya hilo jingine tena, kama mtu aliyevaa makoti matatu. Pembeni chuma kimekuwa cha buluu kwa kuungua.

Nikatoka.

"Mjomba, nani ameongeza pale?"

"Pameongezeka penyewe."

"Mjomba."

"Jana, ulipokwenda kununua petroli. Nilikuwa nahakikisha tu."

"Na mgongo huo uliingiaje?"

"Kuingia si kazi," akadakia mkazamjomba, amekaa juu ya kidumu cha maji, hatazami mtu. "Muulize alivyotoka."

Seremala akiona kazi ya mwenzake anasonya, anaondoka. Mtu wa kuchomelea hawezi kuondoka, lazima aongeze kijiti kimoja cha kuchomelea. Akikitazama tena, kingine. Ndiyo ugonjwa wao. Nikamweleza kwamba chuma ukikirudiarudia kwa moto pembeni panakauka, panakuwa kama biskuti: pagumu, halafu ghafla pwa.

"Diploma yako imefika wapi?" akauliza.

"Nusu."

"Basi na mimi nitakusikiliza nusu."

Watu wa gari la jirani wakacheka. Nami nikacheka, na hapo ndipo nilipokosea. Mashine ya kuchomelea ilikuwa nyumbani, saa mbili kwenda na kurudi, na zamu yetu ilikuwa baada ya dakika arobaini. Dawa ilikuwa moja tu, kujitoa. Nilimtazama alivyokuwa anavaa glavu, kidole kimoja kimoja, anapumzika, kingine, nikasema moyoni labda itashika.

Zamu yetu ikafika. Tuliyatoa matairi upepo mpaka yakatandaa kama mtu mnene aliyekalia kigoda, ili yalishike jiwe. Tulimwingiza Mjomba garini wawili, tukamfunga mkanda. Mwamuzi, mwalimu mkuu mstaafu ambaye bado anapuliza filimbi kama kuna gwaride, akapuliza.

"Njoo," nikasema. "Kushoto kidogo. Kidogo nimesema! Shikilia hapo. Mpe mafuta. Taratibu... taratibu... simama."

Kiporo kilipanda kikinung'unika. Jiwe la kwanza, la pili. Mjomba uso wake ulikuwa umekauka, jasho likimchuruzika hadi kidevuni bila kufutwa. Katikati kulikuwa na lile jiwe lenye mgongo lililomkwamisha mwaka juzi na mwaka jana. Nilimwonyesha kulia, akasita, mguu wa klachi ukachelewa, gari likatikisika vibaya.

"Umelala?" nikapiga kelele.

"Onyesha njia, acha maswali!"

Tairi la mbele likatambaa, likapapasa, likashika. La nyuma likafuata. Tukalivuka. Watazamaji waliokuwa wanataniana kuhusu kiporo wakanyamaza, na kimya cha watu wale kinatisha kuliko zomeazomea yao. Dakika ya saba. Yalibaki mawe matatu. Yakabaki mawili. Nikaanza kuamini, nikaona aibu kwa kuamini.

Kwenye ngazi ya mwisho kukasikika mlio mkavu, kama mtu amevunja muwa gotini. Ekseli ya nyuma ikapinda upande, tairi la kulia likajibana kwenye bodi, gari likakaa. Mjomba akabana breki.

"Nyuma?" akauliza.

"Nyuma. Kishikio cha kulia."

"Kwenye kazi yako au kazi yangu?"

Nililala juu ya mawe nikachungulia. Lile donge la chomeleo lilikuwa zima, halina hata mkwaruzo. Chuma kilikuwa kimepasuka pembeni yake, kwenye ile buluu, mstari mnyoofu kama wa rula. Ningeweza kusema ni kazi yangu. Nina makosa ya kujaza kabati, moja zaidi lisingenivunja mgongo. Lakini alikuwa ananitazama, na huyu si mtu wa kudanganywa kuhusu chuma. Angekuja kuchungulia mwenyewe, hata kwa kuburutwa.

"Pembeni, Mjomba. Palipoungua."

Akafumba macho. Nadhani alihesabu vile vijiti alivyochomelea Ijumaa, kimoja kimoja.

"Zimebaki dakika mbili na nusu!" mwamuzi akatangaza.

"Vuta waya," Mjomba akasema.

"Waya upi?"

"Wa winchi. Vuta, fungia kwenye ule mhimili wa chuma uliochimbiwa juu. Nimechoka."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayeomba maji. Nikavuta waya, nikapanda nao kwa magoti, nikafunga. Winchi ikaanza kulia, na Kiporo kikapanda kama ng'ombe anayepelekwa asikotaka, mbele kinavutwa, nyuma kinaburutwa. Ilipobaki nusu dakika, magurudumu yote manne yalikuwa juu. Watu wakalipuka. Kuna mtu alirusha kofia. Mwamuzi akaja anatabasamu, kalamu mkononi.

"Umemaliza, Fundi! Mwaka wa sita! Alama zimekatwa, lakini umemaliza."

"Andika sikupanda."

"Kanuni inasema winchi inaruhusiwa."

"Mwalimu, mwanafunzi akibebwa mgongoni mpaka shuleni, utaandika ametembea?"

"Nitaandika amehudhuria."

"Haya, andika hivyo. Ila kupanda sikupanda."

Huku juu, nilipopatamani miaka yote ile nikiwa chini, hakukuwa na kitu. Kopo la rangi lililokanyagwa, majani makavu, na barabara ya zamani ya malori inayoshuka upande wa pili, ambayo mtu angeweza kuipanda kwa baiskeli. Mjomba hakutazama popote. Mikono bado ilikuwa kwenye usukani.

Mkazamjomba alipanda kwa hiyo barabara, anahema, turubai kwapani. Akasimama mlangoni mwa gari. Nilidhani atampa pole.

"Nimesikia unabishana na Mwalimu. Kwa hiyo hujapanda."

"Sijapanda."

"Umefika juu, watu wanakushangilia, wewe hujapanda."

"Nimevutwa."

"Sawa. Kwa hiyo mwakani utataka kurudi."

 Chini gari linalofuata lilikuwa linawashwa. Mimi nilijifanya nakunja waya, lakini masikio yote yalikuwa kwa Mjomba, kwa sababu namjua, na nilijua kwamba mtu aliyekosea kwa jiwe moja hulala na jiwe hilo mwaka mzima. Kiapo alikula, ndiyo, ila alikula akidhani kuna jibu atapata leo.

"Fungua mkanda huu," akasema.

"Nijibu kwanza."

"Bibie, mguu wa kushoto siusikii. Tangu lile jiwe la katikati. Klachi nilikuwa nakanyaga kwa kukisia. Hakuna mwakani. Nifungulie."

Mkazamjomba alikuwa na maneno mengine tayari, niliyaona yamejipanga mdomoni. Yakabaki humohumo. Akainama, akafungua mkanda. Mwamuzi akaweka filimbi mfukoni, akashika miguu. Mimi nikapitisha mikono kwapani. Ni mzito, Mjomba, kwa mtu anayeonekana kukunjika vile. Tukamtoa kwa ubavu kati ya mabomba ya fremu ya gari, tukamlaza juu ya turubai. Mkewe akamvua kiatu cha kushoto, akaanza kumsugua unyayo, kwa nguvu, kama anafua.

"Hapo?"

"Hapana."

"Hapo?"

"Bado. Endelea."

Akaendelea. Baada ya muda mrefu Mjomba akasema anahisi kama sisimizi kwenye kidole kikubwa, na mkazamjomba akajibu sisimizi nao wamekosa pa kwenda, lakini hakuacha kusugua.

Mwamuzi akaniomba niondoe gari, mwenzetu anasubiri njia. Nikaingia. Kiti kilikuwa na joto na kimelowa jasho, na kilikuwa kimesogezwa mbele sana kwa ajili ya mgongo usionyooka, hata magoti yangu yakagonga dashibodi.

"Lishushe kwa barabara," Mjomba akasema akiwa chali. "Magurudumu ya mbele yatavuta. Usikanyage breki ghafla, nyuma itakuhama."

"Na wewe," mkazamjomba akaniambia bila kuinua kichwa, "ukikizoea hicho kiti, nitakichoma moto mkiwa pamoja."

 Nikakanyaga klachi, nikaanza kuitafuta gia.