Komeo la Mama Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini nilivunja kioo kabla ya saa nne asubuhi. Naanza na hilo ili nyinyi vijana msidhani mnasimuliwa na malaika. Ilikuwa karakana ya majengo ya wilaya, pale Tororo, nami nilikuwa nimefika kutoka Lunyo na suruali moja na cheti cha useremala kilichokunjwa mara nne mfukoni. Msimamizi wa Karakana alikuwa mzee wa upande wa Kenya, aliyevuka mpaka kila Jumatatu kuja kazini na kurudi kwake Ijumaa. Alikikunjua cheti changu, akakisoma, akakikunja tena vilevile na kunirudishia. Kisha akanionyesha fremu iliyokuwa mezani, akaniambia nikate kioo kiingie humo.

Nikapima kwa makini mno. Kioo kiliingia kwa kubana kama kofia mpya, nikajisifu moyoni. Nilipogonga kile kimsumari cha kukishikilia kabla ya kupaka puti, kikalia tii, ufa ukatoka kona moja hadi nyingine. Nilingoja matusi, lakini Msimamizi aliokota kipande tu na kukiweka kando.

"Umekipa nyumba, hukukipa nafasi," alisema. "Mbao inavimba mvua ikija, inasinyaa kiangazi. Kata pungufu, unene wa njiti ya kiberiti kila upande. Kioo nacho kinataka kupumua, kijana wangu."

Kwa njiti ya kiberiti nimepima kazi yangu yote. Wateja walikuwa wananigombeza, wanadhani fundi amewaibia kioo, na kila mara nilikuwa nawaeleza kwamba ile nafasi itajazwa puti na hawataiona tena. Puti yenyewe nyinyi hamjui. Nyinyi mnabonyeza silikoni kutoka kwenye mrija mnaita ufundi. Sisi tulichukua chokaa nyeupe iliyosagwa laini, tukaitia mafuta ya kitani kidogo kidogo, tukakanda kama chapati hadi isishike mkononi. Ukikosea mafuta, inapasuka. Ukiharakisha rangi juu yake, inakunjana. Chokaa iliyobaki tuliichanganya na maji, tukaipaka kwenye kioo kipya, maana kioo safi hakionekani, na mtu aliyezoea dirisha tupu hutoa kichwa humo kumwita jirani. Nimeona mzee mmoja akifanya hivyo, na mimi ndiye niliyemfunga kitambaa kichwani.

Kutoka Tororo nilipelekwa Busia, kwenye nyumba za maofisa wa forodha. Huko malori yanapita mchana kutwa, nyumba zinatetemeka, puti inadondoka kama makombo. Kioo tulikinunua ng'ambo, upande wa Kenya, na mimi ndiye niliyekuwa nakivusha kwa baiskeli, kimefungwa magunia. Kioo kinabebwa kikiwa kimesimama, hakilazwi hata kidogo, na upepo ukivuma unageuka ubavu uuache upite. Mimi niligeuka ubavu katikati ya mpaka, mbele ya lori lililobeba vitunguu. Dereva aliniambia maneno ya Kijaluo ambayo sikuyaelewa yote, namshukuru Mungu.

Baada ya miaka miwili Mhandisi wa Wilaya alifungua tawi la karakana Nagongera. Yule mzee wangu wa karakana ya Tororo akawa Mkuu wa Tawi, nami nikamfuata. Nilikuwa bado fundi wa majaribio. Barua ya kunithibitisha kazini ilikuwa mezani kwa Mhandisi, ikingoja asikie neno zuri juu yangu.

Ni Nagongera, siku za soko, ndipo nilipompata Akoth. Alikuwa na cherehani yake kwenye kibanda cha mabati. Nilimpelekea suruali aipunguze, wiki iliyofuata nikaipeleka aiongeze, ya tatu akaniambia ni afadhali niseme ninachotaka kwa sababu kitambaa kinaisha. Nikasema. Kwao ni Petta, baba yake karani wa gombolola, ile ofisi ya serikali ya tarafa, watu wanaoheshimika. Wazee wa kwetu na wa kwao wakazungumza, siku ya posa ikapangwa wiki tatu mbele. Nilikuwa na furaha hadi nikawa najigonga kidole kwa nyundo.

Basi asubuhi moja Mkuu wa Tawi akanipa karatasi ya kazi. Mvua ya mawe ilikuwa imevunja dirisha la nyumba ya karani wa gombolola, Petta, rafiki wa Mhandisi. Niende leo, na nirudi na karatasi iliyotiwa sahihi na mwenye nyumba, kwani Mhandisi angeitazama kabla ya kugusa barua yangu. Nikauliza ni dirisha la chumba gani. Akasema la chumba cha kulala. Nikaisoma karatasi tena.

Kwa wale waliokulia mjini, nieleze. Kwetu Samia, na kwao Adhola vilevile, mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hampeani mkono. Hamli pamoja. Mkikutana njiani, mmoja anaingia shambani mwingine apite, na macho mnayaweka chini. Salamu mnatupiana kwa mbali, nyuma ya ukuta au ya mgomba. Ama chumba anacholala mama mkwe, hapo hata mkono wako usiingie. Mkwe aliyeingia humo hana posa tena, amewaaibisha watu wa kwake na wa kwao.

Nikamweleza Mkuu wa Tawi haya yote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema yeye ana fundi mmoja tu wa kioo, na ndiye mimi. Sasa ona hali yangu. Nikikataa, barua inapotea. Nikiingia chumbani, Akoth anapotea. Nikapanda baiskeli nikiwa nimeamua kutengeneza dirisha zima nikiwa nje.

Nilipofika, mama mkwe alikwisha kujificha jikoni. Akoth alikuwa nyumbani siku hiyo, akanielekeza upande wa nyuma huku ameuma midomo asicheke. Vioo viwili vilikuwa chini vipande vipande, na kizingiti, ile mbao ya chini ya fremu inayopokea maji ya mvua, mchwa walikuwa wamekula nusu yake. Ukikuta hivyo usikimbilie kung'oa fremu nzima. Choma mbao kwa msumari taratibu, ukitokea kwenye unga endelea, ukigota kwenye mbao ngumu weka alama. Kata hapo kwa mshazari, maji yateremke yasikae, kisha unga kipande kipya kwa gundi na vijiti vya mbao. Mimi niliunga mvule, chini nikapaka oili chafu ya gari, mchwa hawaipendi. Nikaweka vioo, njiti ya kiberiti kila upande. Nikapaka puti. Yote nikiwa nje, nimesimama juu ya kinu, najiona hodari kweli.

Likabaki komeo. Komeo ni lile la kufungia, linalokaa ndani. Halipimwi dirisha likiwa wazi, lazima ulifunge ndipo ujue ulimi wake unaingia wapi. Na dirisha likishafungwa, mimi niko nje. Nikafikiri kidogo, nikafanya jambo ambalo nadhani hakuna fundi mwingine amewahi kulifanya. Nikalifunga komeo kwa nje. Nikalijaribu, likafunga vizuri sana.

Karani alirudi kutoka ofisini, akazunguka nyumba na karatasi yangu mkononi. Akalitazama komeo muda mrefu.

"Kijana," alisema, "na mwizi akishamaliza kuiba, atafunga vizuri hivi?"

Akakataa kutia sahihi. Nikaliondoa, nikaziba matundu. Nikamsihi yeye mwenyewe aingie alikaze kwa ndani, akaingia, lakini alikuwa mtu wa kalamu. Bisibisi ilimponyoka, nusura kioo kipya kiende. Mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa Bukedea, na mimi nilikuwa nimekaa juu ya kinu nahesabu nilichopoteza: kazi, mke, na siku nzima.

Hapo Akoth akaja na ujumbe kutoka jikoni. Mama anauliza, ile unga nyeupe iko kwa begi ni ya nini? Nikasema ni chokaa. Akaenda, akarudi. Mama anasema, paka kioo yote, usiache hata kidogo. Bado sikuelewa. Nikapaka vioo vyote viwili hadi vikawa kama ukuta, nikafunga dirisha, nikamkabidhi Akoth komeo, skrubu na bisibisi. Nikasikia mlango wa chumba ukifunguka, hatua zikaja hadi upande wa pili wa kioo.

"Mkwe, sema," sauti ya mama ikatoka ndani. "Mimi iko hapa. Chumba ni yangu, komeo naweka mimi."

Tuliongea Kiswahili kwa sababu Kidhopadhola changu kilikuwa cha salamu tu, na yeye Kisamia hakukijua. Kiswahili alikipata akiuza mtama Malaba. Basi nikawa nagonga kioo kwa kucha, yeye anafuata mlio kwa kidole, na kivuli cha kidole chake kinakuja nyuma ya chokaa hadi kinakutana na changu. Nikisema hapa, anatia alama kwenye mbao ya pembeni. Skrubu ya kwanza aliikaza kushoto, ikawa haiingii, nikamwambia kulia, akasema kulia kwa nani. Kweli, tulikuwa tumetazamana. Ya pili aliisugua sabuni kwanza bila kuambiwa, iingie laini, jambo ambalo mimi nilifundishwa mwaka wa pili. Alipomaliza, akasukuma ulimi wa komeo. Ulilala upande kidogo, lakini ukaingia. Akacheka peke yake mle ndani, nami nikacheka huku nje, na karani akatia sahihi akiwa ameegemea ukuta, machozi ya kicheko yakimtoka.

Barua yangu ilitoka mwezi huohuo. Mkuu wa Tawi alipolisikia jambo lile aliniambia nimeacha nafasi ya kutosha safari hii. Akoth nilimwoa. Nikafanya kazi Tororo tena, nikarudi Busia, nikawa Msimamizi wa Karakana mimi mwenyewe, nikawa mtu wa kukunjua vyeti vya wengine na kuvikunja tena. Madirisha ya mbao yakapungua. Ikaja chuma, ikaja alumini ya kusukuma, na vijana wakaanza kunipigia simu wakiuliza ile takataka inayopasuka kwenye madirisha ya zamani inaitwaje. Nikastaafu, nikapewa saa ya ukutani ambayo kioo chake kilikuwa kimekatwa kwa kubana. Niliona siku ileile, nikanyamaza.

Na miaka yote hiyo, mama mkwe sikumtazama usoni. Alimzika mume wake, nikasimama mbali na kaburi. Aliwabeba wanangu mgongoni, nikaambiwa. Heshima zake zilinifikia kwa sauti nyuma ya ukuta na kwa vikapu vya mtama. Nilimpenda, nasema wazi, na sikujua macho yake yakoje.

Mvua zilizopita akapiga simu kwa Akoth. Dirisha limeoza tena. Ndugu zake Akoth walikuwa wameshanunua la alumini, liko sebuleni bado limefungwa karatasi, na bibi kizee amekataa lisiwekwe. Anataka fundi wake.

Nikaenda na sanduku langu. Kile kipande cha mvule nilichokiunga kilikuwa kizima, pembeni yake ndiko kulikooza. Nikachoma kwa msumari, nikakata mshazari, nikaunga, nikaweka kioo, nikapaka puti niliyoikanda mwenyewe usiku wa jana yake. Kisha chokaa, kioo chote. Lile komeo la zamani Akoth alinitolea nje, nikalisafisha kutu, nikampa alirudishe ndani.

Nikagonga kwa kucha. Kidole kikaja, lakini kilikuwa kinatetemeka, kinapita alama, kinarudi. Alama alizitia hatimaye. Bisibisi ndiyo ilishindikana. Nilisikia ikiteleza kwenye skrubu mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, kisha nikasikia ikianguka sakafuni. Akoth akasema, mama, lete nikaze mimi.

"Hapana," mama akasema. "Hii niliweka mimi."

Niliwaza kwamba nimekuja kumwonyesha tu jinsi mikono yake ilivyokwisha, na niliumia sana. Nikatamani ningeiacha alumini iwekwe.

"Wandera," akaniita. Hakuwahi kuniita jina. "Toa hiyo chokaa."

Nikamuuliza kama amesikia alichosema.

"Nasikia. Mimi ndiye nilikuwa nashika hii heshima kwa mkono yangu, leo mkono imechoka. Wazee wakiuliza, kuku ya faini iko, watakula. Toa."

Nikachukua kitambaa. Nilifuta polepole kutoka juu, kama mtu anayeogopa kukwaruza, na kwanza kikatokea kitambaa chake cha kichwa, kisha paji la uso, kisha macho. Ni macho ya Akoth, yaleyale, yenye kucheka upande mmoja. Nilikuwa nimekaa na macho yale mezani kwangu maisha yangu yote na sikujua yalitoka wapi. Alinitazama naye, kuanzia kipara hadi kola ya shati.

"Kumbe ni wewe tu," akasema. "Na vile mimi nilikuwa nakuogopa."

Akafungua dirisha. Nikaunyoosha mkono, nikaushika ule wake pamoja na bisibisi, mkono mwepesi, wenye joto, na tukakaza sote wawili, kulia kwake. Komeo lilikaa upande kama mara ya kwanza. Nimenyoosha makomeo ya watu kutoka Busia hadi Nagongera, lakini lile nililiacha hivyohivyo.