Buibui wa Darasa la Kwanza

Nilirudi kazini wiki ya tatu baada ya kumzika mwanangu wa kwanza, aliyeishi miezi minne. Mume wangu, karani wa reli, alisema kazi itanisahaulisha. Haikunisahaulisha kitu, ilinipa tu mahali pa kukaa mchana. Watu wa Temeke wakinipa pole njiani niliitikia "nimeshapoa", na kweli nilikuwa nimepoa, mwili na roho.

Darasa langu la kwanza lilikuwa na wasichana watano tu. Mmoja wao, wa miaka minane hivi, nilimpata kwa jasho. Bibi yake, Mzaramo asiyeyumbishwa, hakutaka kusikia habari za shule. Alihofia tutamgeuza mtoto dini. Nilikwenda kwake mara tatu kubembeleza, tumbo langu likiwa mbele. Mara ya tatu alicheka, akasema mwenye mimba anayetembea juani hivyo kwa ajili ya mtoto wa mwenzake hawezi kuwa mtu mbaya. Akanipa mtoto.

Wiki niliyorudi, somo lilikuwa buibui. Nilikuwa nimeliandaa kabla ya msiba, nikalifuata vilevile lilivyoandikwa. Watoto walifinyanga udongo, kichwa kidogo na tumbo kubwa, wakachomeka miguu ya chelewa tulizochomoa kwenye ufagio, minne huku na minne huku. Mvulana mmoja alimpa wake miguu kumi na mmoja, akadai huyo ndiye jumbe wao. Zamani ningecheka mpaka machozi. Nilimwambia apunguze mitatu.

Kisha tulipigilia misumari ukutani, tukazungusha uzi wa katani kutengeneza utando. Yule msichana aliwashinda wote, maana kwao walisuka mikeka. Alifanya kazi ulimi ukiwa umetoka pembeni mwa mdomo, hataki kusaidiwa.

Nikataka sasa waone viungo vya buibui kwa karibu. Nilikuwa naye mmoja hai ndani ya chupa. Nikammwagia spiriti ya kuwashia jiko. Kwetu milimani Upare buibui hupigwa ufagio na hakuna anayeuliza. Alijikunja, akatulia.

"Mwalimu, umemuua," yule msichana akasema. "Huyo si ndiye aliyemficha Mtume pangoni?"

Mimi binti wa katekista nilikuwa nimekaa pwani miaka miwili bila kulijua hilo, au nililisikia nikalipuuza. Nilimtazama mtoto, nikaona macho yamejaa machozi, na sikuhisi kitu.

"Hesabuni miguu," nikasema.

Wakahesabu kwa sauti mpaka nane. Yeye hakuhesabu.

Asubuhi yake bibi akaja, amemshika mtoto mkono. Nilitoka nje nikampa shikamoo.

"Marahaba. Mwalimu, sie buibui hatumuui. Alitanda utando wake mlangoni mwa pango, maadui wakadhani hamna mtu, wakapita. Mtoto hakula jana."

"Nimesikia, bibi."

Hakuondoka. Alisimama akingoja. Nilijua anachongoja, ni maneno mawili tu, niwie radhi, nami nilikuwa nayo mdomoni. Kuyasema kukanishinda kama kubeba gunia. Nikabaki nikitazama khanga yake.

"Haya," akasema, akageuka na mtoto wake.

Niliingia darasani nikaita majina. Nilipofika kwenye jina la yule msichana nilisoma, nikaendelea na linalofuata.

Mwezi ukapita. Ganzi ilianza kuniachia, nayo iliniachia vibaya, kama mguu uliokaliwa. Nilijichukia. Alhamisi moja baada ya masomo nikaenda kwao, na kabla sijakaa vizuri mkekani nikasema, "Bibi, niwie radhi."

"Nilishakusamehe siku ile ile, mwanangu," akasema, akinimiminia kahawa. "Mtu kafiwa, mie nitamkasirikia nini? Nilikuwa nimekuletea mtoto asome. Nilitaka tu uniambie aingie ndani. Ulivyonyamaza nikajua humtaki tena."

"Namtaka, bibi. Kesho aje."

Akatikisa kichwa. Alikuwa amekwisha kumwahidi shangazi wa mtoto, huko Kisiju, atakayemlea na kumtia chuoni asome Kurani. Jumamosi mtoto anapanda lori. Bibi hawezi kuirudisha ahadi yake mdomoni. Nilibembeleza mpaka kahawa ikapoa, na safari hii hakucheka.

Nilipoaga alimwambia mjukuu anisindikize. Tulitembea mpaka njia kubwa. Pale mtoto akasimama, akaangalia miguu yake yenye vumbi.

"Mwalimu," akasema, "mie nilikosa nini?"

Nikamwambia hakukosa kitu, mwenye kosa ni mimi. Alinisikiliza kwa adabu, kama walivyomfundisha kuwasikiliza wakubwa. Kisha akasema kwaheri, akarudi nyumbani, na nikaona kuwa hakuniamini.