Fundi wa Landrova ya Harusi
Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Utemini, na waya haujawahi kunishinda. Mzee Mkumbo aliponiletea Landrova yake kuukuu, taa za mbele hazitoi hata cheche na harusi ya binti yake ni kesho, nilimwambia, "Shikamoo mzee, nenda kalale." Nikafumua nyaya zote, nikafunga upya, taa zikawaka kama jua. Kwa raha zangu nikabandika tangazo lenye jina langu, herufi kubwa, kwenye kioo cha nyuma.

Siku ya harusi nikakaa kiti cha mbele, napungia watu. Mzee Mkumbo ndiye aliyeendesha, na kila alipokanyaga breki, honi ililia, na watu wakapiga vigelegele. Nilijua nimechanganya nyaya, ila nikanyamaza. Harusini nani anashangaa honi?

Kufika Mwankoko, msiba kando ya barabara. Mzee, kwa heshima, akakanyaga breki na kupita taratibu. Honi ikalia mfululizo, watu wote chini ya turubai wakasimama.

"Mwanangu, umenifanyia nini?"

Nikainama nisionekane. Nyuma yetu mama mmoja akasoma kwa sauti: "Umeme wa magari, muone Fundi Juma, Utemini."